Saini Niliyompa Mheshimiwa

Shule sikusoma. Chuo cha Kurani nilipita, nikahitimu juzuu zangu, kisha baba akanipa kisu cha ngozi, basi. Herufi za kizungu nimejifunza huku Marekani, Takoma Park, mvi zimeshatoka, kwenye darasa la maktaba la watu wanaotafuta uraia. Mwalimu alinionyesha kuandika jina langu bila kuinua kalamu, nikawa nafanya mazoezi nyuma ya tikiti za viatu. Saini yangu ni nzuri. Hata leo nasema ni nzuri.

Duka langu la kushona viatu lilikuwa hatua chache kutoka kituo cha treni. Nilianza na sindano na kigoda kwenye kona ya duka la dobi, nikamaliza na mashine mbili na jina langu kiooni. Sikubebwa na mtu. Kila asubuhi, akitoka zamu ya kulinda maegesho ya magari, aliingia bwana mmoja Msomali wa ukoo mkubwa. Kwetu Somalia alikuwa afisa kabla serikali haijaanguka. Hapa alikaa kibandani kuinua na kushusha kizuizi. Kiswahili alikiokota Nairobi, ukimbizini. Changu cha Barawa, mji wetu wa pwani, alikicheka, eti cha mabibi. Aliniita fundi. Mimi nikamwita Mheshimiwa, kwa kejeli, maana hata kahawa aliiombea kwa hotuba.

Siku moja nilimpa kiatu anishikie nipake gundi. Akarudisha mikono nyuma. Kwa watu wake ngozi ni kazi ya wanyonge.

"Fundi, kahawa yako nakunywa. Hiyo ngozi siishiki."

Tukacheka. Nami nilicheka, nakiri.

Kisha ukaja ule mkutano wa Kenya wa kuunda serikali ya Somalia. Viti vya bunge viligawanywa kwa koo: nne kubwa zikapata sehemu nzima nzima, sisi wengine wote tukatupiwa nusu tugawane. Katika nusu hiyo watu wa mji wetu tulitazamia kiti kimoja. Mheshimiwa aliacha kibanda akaenda huko. Kwenye viti vya ukoo wake akakuta nafasi zimejaa. Ndipo akanipigia simu dukani.

"Mzee wangu," akasema.

"Leo si fundi?"

"Wacha mzaha. Nyanya yangu mzaa mama alikuwa wa Barawa. Ulikuwa unajua?"

"Sijui. Na wewe hujui."

"Wazee wetu wa Marekani wakisaini kwamba mimi ni wenu, kiti nakipata. Wenzako wawili wanangoja saini yako tu."

"Tuna mtu wetu. Yule mwalimu wa shule ya Barawa. Si yuko hapo hapo mkutanoni?"

"Huyo mwalimu wenu ana bunduki ngapi?"

Alijua pa kunishika. Nyumba ya ghorofa ya baba, huko Barawa, ilikuwa imekaliwa na wanamgambo wa ukoo wake tangu vita. Dada yangu mkubwa, mjane, aliyenilea mama alipofariki, alilala jikoni uani, na kisima alichochimba baba akikiombea ruhusa kuteka.

"Nikishaapishwa," akasema, "la kwanza ni nyumba hiyo. Wale vijana wetu watanisikia. Dada yako atapanda juu alale chumbani mwake."

Karatasi ilikuja kwa faksi kwenye duka la dawa la jirani. Binti yangu akaisoma, akanijibu kwa Kiingereza kama wafanyavyo watoto wa huku, kwamba hicho ndicho kiti chetu pekee, baba, usitie saini. Nikamwambia: shangazi yako hatazeekea jikoni kwa ajili ya kiti cha mwalimu. Nikasaini bila kuinua kalamu. Wako wanaonitetea, eti mzee hakuweza kusoma. Nawakatalia. Niliijua karatasi na niliujua uongo wake.

Akaapishwa. Nikampigia dada nikamwambia ajitayarishe. Akafua mapazia yake ya zamani, akayakunja. Mheshimiwa akawa naibu waziri. Mwanzo alipokea simu zangu: "Subira, mzee wangu." Baadaye alipokea karani. Baadaye namba haikuita tena. Msikitini nduguye yule mwalimu aliyekosa kiti alikuwa akitoa salamu ya kumaliza sala upande wangu, akiinuka mkono hanipi.

Mwaka wa tatu Mheshimiwa akaja Washington na msafara, wakashukia hoteli moja ng'ambo ya mto, Virginia. Nikavaa suti nikaenda. Ukumbini alinikumbatia, akawageukia wenzake: "Huyu ndiye aliyekuwa akinishonea viatu." Wakatabasamu.

"Nyumba, Mheshimiwa," nikasema. Safari hii kejeli haikuwamo.

Akanivuta kando. "Kamanda anayekaa pale tunamhitaji. Nikimgusa, napoteza watu."

"Uliniahidi."

"Kwani dada yako amefukuzwa? Si yuko pale pale? Unadhani ni kwa ajili ya nani?"

Jikoni, yaani. Alitaka nimshukuru kwa jiko.

Dada alipouliza, nilimwambia jambo linashughulikiwa. Hakuuliza mara ya pili. Aliniomba tu nikimwona Mheshimiwa tena nimwambie kisima wamekitia kufuli, na yeye maji anateka kwa jirani, na magoti ndiyo hayo.

Alifariki masika yaliyofuata, mule jikoni. Siku ya tatu simu ikalia dukani, sauti ninayoijua.

"Mzee wangu, tumefiwa."

"Nyinyi mmefiwa na nani?"

"Si dada yetu?"

Kwa karatasi niliyosaini, kweli alikuwa dada yake. Nilishika simu, yeye akaendelea na dua, ndefu, vizuri sana, hadi mwisho. Nikasema amina.

Jioni jirani wa dada akapiga. Kamanda anataka jiko litolewe vitu. Kuna mkeka, sufuria, redio na mapazia yaliyokunjwa, hayajatundikwa. Avipeleke wapi?

Nikafikiri watu wote wa mji wetu niliowajua, nani angepokea kitu chenye jina langu.

"Kaa navyo wewe," nikamwambia. "Mapazia ukitaka, tundika."