Trekta Lililomlilia Baba

Baba alipofariki, haukupita muda trekta lake likaanza kutoa moshi wa bluu na kuvuja oili kila upande, na watu wa kwetu Kaole wakasema linamlilia mwenyewe. Maneno hayo yalinikera. Nilikulia juu ya madigadi ya trekta lile, nikimtazama baba akilima, na nilijua chuma hakina machozi.

Lakini mama aliyaamini. Alikuwa ndani, katika eda, amevaa nguo nyeupe, haonani na mwanamume asiye maharimu wake. Hata baba mdogo, shemeji yake, alimsalimia kupitia pazia. Trekta likiwashwa uani, mama huacha alichokuwa akifanya akasikiliza.

"Lisikie, masikini," huniambia. "Nalo lina uchungu wake."

Baba mdogo alikuwa na uchungu wa namna nyingine. Alilipeleka trekta bondeni siku moja tu, akarudi suruali imelowa oili mpaka magotini. Akasema injini imekwisha, na kwamba keshapata mtu wa kununua chuma chakavu, atakuja Jumamosi. Masika yalikuwa mlangoni na bonde letu la mpunga halijaguswa. Bila trekta, jembe lilikuwa langu peke yangu, maana mama hawezi kutoka. Hasira zilinipanda. Nikamwambia, "Shikamoo baba mdogo, lakini haliuzwi," nikapanda gari kwenda Bagamoyo mjini kumtafuta fundi.

Fundi niliyerudi naye nyumbani alikuwa mtu wa makamo, mwingi wa maneno, aliyemaliza kwanza sahani ya mihogo ndipo akasogea kwenye injini.

"Moshi mweusi, injini imekosa hewa," aliniambia huku akijipangusa mdomo. "Mweupe, kuna maji, au dizeli haiungui vizuri. Huu wa bluu, mwanangu, ni oili inayoungua. Sasa tujue imefikaje huko."

Akaisafisha injini yote kwa dizeli na tambara, ili tuone oili inaanzia wapi kutoka. Akachomoa kijiti cha kupimia, akakuta oili iko sawasawa. Akawasha. Tukasimama kutazama, baba mdogo kakunja mikono kama mtu anayejua mwisho wa hadithi. Oili ikajitokeza mbele, ikajitokeza nyuma, ikatiririka na ubavuni.

"Mnaona?" akasema baba mdogo. "Imekwisha."

"Injini ikichakaa huanza kuvuja mahali pamoja," fundi akamjibu. "Hii inavuja kote kwa mpigo mmoja. Hapa pana kitu."

Akafungua kifuniko cha kujazia oili, akaweka kiganja juu ya tundu. Hewa ikakisukuma kiganja kwa nguvu. Akatuambia injini nayo inapumua, kuna kibomba chake cha kutolea pumzi, na kikiziba, pumzi hiyo huisukuma oili popote inapopata upenyo. Akajilaza mchangani, akakifuata kile kibomba kwa kidole mpaka chini. Mdomoni mwa kibomba akachomoa kitambaa kilichoshindiliwa, cheusi tii. Alipokikunjua, nikaiona mistari ya msuli wa baba.

Niliingia nacho ndani. Mama alikitambua kabla sijafungua kinywa.

"Nilikitia mimi," akasema. "Siku ya hitima, asubuhi, wanaume hawajafika. Pale palikuwa patandikwe mikeka watu wasome Kurani, na lile dude linadondosha mafuta. Baba yako alikuwa anakinga kopo. Nililitafuta, sikuliona. Nikachana msuli wake wa zamani, nikaziba."

"Mbona hukusema, mama?"

"Nani aliniuliza? Mlikuwa mnaongea huko nje."

Nilicheka, sikuweza kujizuia. Nje fundi akawasha tena. Moshi ukafuka mzito, kisha ukapungua kidogo kidogo, mpaka ukabaki ule mwembamba wa siku zote. Nikamsikia baba mdogo akiuliza, kwa sauti ya chini, kama linaweza kuingia bondeni kesho yake. Habari ya mnunuzi hakuitaja tena.

Mama alisikiliza muda mrefu.

"Kumbe halikuwa linamlilia," akasema.

Akalia, kilio ambacho sikukisikia hata siku ya maziko. Nilikuwa nimeshinda, na furaha sikuiona. Nilikaa karibu naye, kitambaa bado mkononi.

Alipotulia aliinuka, akamimina chumvi kutoka kwenye kopo lake hadi kwenye bakuli, akalipangusa kopo kwa upindo wa nguo yake nyeupe, akanipa.

"Kakinge pale anapokinga baba yako."

Nikatoka nalo. Chini ya kibomba, kwenye mchanga ulioshiba mafuta, duara la kopo la baba lilikuwa bado linaonekana. Kopo la chumvi lilikuwa dogo. Nililiweka katikati ya duara, na pembeni pakabaki nafasi.