Orodha ya Ng'ombe Siyo Orodha ya Wanyama

Siku yangu ya kwanza kazini Mbarara nilifika na viatu vimejaa vumbi la kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na Mkuu wa Maktaba, mama mmoja, hakunipa hata kiti. Aliniita bwana kwa lugha ya huko, akanipa swali: "Sebo, orodha iko nini?" Nikajibu kwa kirefu, maana kule Kivu, Kongo, nilikuwa mwalimu. Mama yule akacheka. "Iko kasha. Unaweka, unatoa. Sasa kaa, tutengeneze kasha ya watu yote."

Ninyi vijana mnaoandika programu mnayakuta makasha hayo tayari: orodha, foleni, seti isiyokubali kitu kijirudie. Sisi tuliyabuni kwa ajili ya maktaba sanifu, yaani vifaa vinavyokuja pamoja na lugha yenyewe ya programu. Lugha yetu ilikuwa changa. Tulitaka makasha ya jumla: unaliandika kasha mara moja, anayelitumia anataja aina ya vitu vyake, na akichanganya kompyuta inamkatalia mapema. Kazi ngumu, jamani! Kitu kikishatangazwa kwa watu ndani ya maktaba hiyo hakiondolewi tena, kwa sababu watu wameshajenga juu yake.

Mkuu alikuwa na desturi yake. Kila kazi ilisomwa kwa sauti mbele ya wote, kama somo la kanisani, na aliyeiandika hakuruhusiwa kuitetea. Niliipenda desturi hiyo mpaka nilipopewa kusoma kazi yake yeye, toleo jipya la lugha likiwa linatoka kesho yake. Nilikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio ya kazi. Nikifukuzwa, mimi na wanangu tungerudi kwenye jembe.

Alikuwa ameruhusu orodha ya ng'ombe ipokelewe popote panapotakiwa orodha ya wanyama. Ukiisikia unaona ina mantiki kabisa. Katikati ya kusoma nikarudia mstari mmoja mara mbili.

"Endelea," akasema Mkurugenzi, mkubwa wetu sote, akitazama saa.

"Madamu, munisamehe," nikasema. "Ule mwenye kupokea anajua ni banyama tu. Ataingiza mbuzi mule. Mwenye ng'ombe akifungua anakuta mbuzi, programu inakufa. Italeta matata mingi."

Mkuu hakujitetea. Aliivuta kibodi, akaifuta kazi yake ya miezi mingi, yote, nasi tukitazama.

Mkurugenzi akawaka: nani amechelewesha toleo?

"Ni mimi," akasema Mkuu. "Huyu ameokoa sisi. Na majaribio yake imeisha leo, kazi ni yake."

Nilimheshimu mama yule kuliko mabosi wote niliowahi kuwa nao. Alipoondoka nilikalia kiti chake hadi nikastaafu, na siku moja msichana mgeni kazini akaionyesha kasoro kwenye foleni yangu, mbele ya watu. Niliifuta. Mikono ilinitetemeka vibaya. Ya Mkuu haikutetemeka siku ile alipofuta kazi yake, ndivyo nilivyoamini miaka yote. Lakini kusema kweli sikuitazama mikono yake. Nilikuwa nawaza kazi yangu tu.