Kofia ya Jiliwa

Mke wangu amekulia Temeke, katika nyumba ambayo chombo cha jirani hakikurudishwa kitupu wala kichafu. Sahani ikija na futari, inarudi imesuguliwa mpaka kitako, na ndani yake kuna kitu, hata kama ni ndizi mbili. Nimeishi na desturi hiyo miaka ishirini na kitu, nikiisifia kwa wageni, bila kudhani kwamba siku moja nitaitumia kwenye jiliwa.

Jiliwa lenyewe ni la shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwenye gereji Kiwalani. Ni lile dude zito la chuma linalofungwa kwenye meza ya fundi, lenye taya mbili za kubana kitu kisichezecheze. Taya zinakazwa kwa mkono, yaani nondo fupi inayoteleza huku na huku kwenye tundu lake, na kila ncha ya nondo ina kofia ya mviringo kama gololi kubwa, ili isichomoke. Kofia ni mbili. Zilikuwa mbili.

Nililiazima kwa siku moja ili ninyooshe bawaba ya geti letu huku Mbweni, baada ya kutazama video tatu na kujiona fundi. Shemeji hamwazimishi mtu vifaa vyake. Mimi alinipa huku akinitazama mikono, na nilipoliinua nikajikaza nisigune mbele yake. Wiki ya tatu jiliwa lilikuwa bado barazani kwangu, na bawaba ilikuwa bado imepinda. Jumatano akapiga simu.

"Shem, hilo jiliwa bado lina masomo huko?"

"Nalimalizia."

"Mie Jumamosi asubuhi nalihitaji. Kuna mteja kaacha gari, bushi za mbele zimekwisha zote, na bila jiliwa sizitoi. Nimempa neno langu, Jumamosi jioni anaondoka nayo. Usiniangushe."

Nikaapa kwamba simwangushi. Halafu nikalitazama jiliwa. Lilikuwa limejaa grisi nyeusi kama lami, na ndani ya grisi kulikuwa na vumbi la miaka. Niliona aibu kwa niaba yake. Mtu kaniamini na chombo chake, nimrudishie kikiwa hivi? Nikaleta beseni, mafuta ya taa, sabuni ya unga na mswaki wa zamani, nikasugua saa mbili nzima. Kofia moja ilifunguka kwa vidole, nikaifungua ili nisafishe meno ya skrubu ndani yake, nikaiweka kwenye beseni. Nilipomaliza nikamwaga beseni kwenye shimo la maji machafu. Nilisikia kitu kikigonga bomba, tk, nikafikiri ni kokoto.

Nikaliacha jiliwa barazani likauke kwa upepo wa baharini. Liling'aa. Mke wangu alipita akasimama.

"Masufuria mbona hujawahi kuyaosha hivyo?"

Alhamisi asubuhi nililiinua kulisogeza, mkono ukachomoka ukaniangukia kidole cha mguu. Hapo ndipo nilipoielewa ile kokoto. Nilifunga sumaku kwenye uzi nikavua kwenye lile shimo mpaka saa nne. Nilipata vizibo viwili vya soda na kijiko ambacho mke wangu aliwahi kumsingizia dada wa kazi.

Nikaenda Tegeta kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kwa kuwa nimesoma, nilikwenda na karatasi: mchoro wa kofia kwa pembeni na kwa juu, vipimo kwa milimita. Muuzaji aliisoma pande zote mbili, pamoja na upande usio na kitu.

"Sampuli iko wapi?"

"Ndiyo iliyopotea."

"Sasa braza, mie nitalinganishaje na kitu ambacho hakipo?"

Nikamwonyesha kwenye simu picha ya ile kofia ya pili. Akaivuta kwa vidole viwili.

"Hapa inaonekana kubwa," akasema, akanirudishia simu.

Maduka mengine manne yaliniuliza neno lile lile, sampuli, kwa sauti ile ile ya mtu anayekudai kitambulisho. Katika mji huu hupati kipya mpaka uonyeshe cha zamani, na aliyepoteza cha zamani anatazamwa kama mtu aliyekuja kuposa bila mshenga.

Ijumaa nikaubeba mkono wenyewe hadi Gerezani, mtaa wa maduka ya vyuma. Kofia iliyobaki iligoma kufunguka, kwa hiyo nilitembea katikati ya watu nikiwa na nondo yenye kichwa upande mmoja. Walinipisha vizuri sana. Mlinzi mmoja aliniuliza kama nimegombana na mtu.

Nikaelekezwa kwenye duka la mzee mmoja wa Kihindi ambaye familia yake inauza bolti hapo tangu enzi za babu yake. Ukutani kulikuwa na droo ndogondogo mpaka darini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu."

Sikuwa nimemwambia kazi yangu. Akapitisha ukucha kwenye meno ya ile nondo, akatabasamu kama aliyekutana na mtu wa utotoni.

"Haya meno ni ya inchi. Ya Kiingereza. Siku hizi kila kitu milimita."

Akajaribu nati moja baada ya nyingine. Kila moja ilizunguka mara mbili, ikasita, ikakwama. Nusu saa ikapita. Yeye alikuwa anafurahi. Mimi nilikuwa nahesabu droo.

"Hii haiuzwi peke yake, baba," akasema mwishowe. "Kofia inakuja na mkono, mkono unakuja na jiliwa."

"Ninunue jiliwa zima kwa ajili ya kofia?"

"Wapo waliofanya hivyo."

"Watu gani hao?"

"Walimu."

Kisha akafunga duka kwenda kuswali Ijumaa. Mtaa wa nyuma nikampata mkereza vyuma, fundi wa kweli, ambaye alisema ataichonga kofia mpya na kwamba sitaitofautisha na ile ya zamani. Itakuwa tayari Jumanne.

"Naihitaji leo."

"Basi ungeipoteza Jumapili," akasema, akaendelea na kazi yake.

Jua lilikuwa limeshageuka, na niliwaza neno la shemeji kwa mteja wake. Kwenye kibanda cha spea nikaona vichwa vya gia, vyeusi, vya plastiki, vyenye namba juu yake. Kimoja kilikuwa na tundu lililokaribia kulingana na nondo. Nikazungushia meno ya nondo utepe mweupe wa mafundi bomba, nikakikaza kichwa kwa nguvu zote. Kikashika. Nilirudi nyumbani nikiwa mtu aliyeshinda, ingawa sikutaka kukitazama sana.

Jumamosi asubuhi mke wangu alijaza hotipoti kachori, maana mikono mitupu haiendi kwa kaka yake. Nilifika Kiwalani saa mbili. Gari la mteja lilikuwa limeinuliwa juu ya mawe, magurudumu ya mbele hayapo. Shemeji akalifunga jiliwa mezani kwake, halafu akakiona kichwa cha gia.

"Lina gia ngapi?"

"Tano na rivasi," nikasema.

Akacheka mpaka akashika meza. Nikamweleza habari ya kofia, akapunga mkono. "Hiyo kofia ilikuwa inanisumbua siku zote. Ningechomelea nati tu, dakika moja." Siku mbili zangu zikaishia katika dakika hiyo moja, na bado nilijisikia nimepona.

Kisha akauzungusha mkono ili afungue taya. Jiliwa likalia, kr, kr, likagoma. Akainama, akaingiza kidole chini kwenye skrubu kubwa, akakitoa kikiwa chekundu kwa kutu.

"Shem. Umeliosha?"

"Lilikuwa chafu."

"Kwa sabuni?"

"Ya unga," nikasema.

"Ile grisi mie ndiyo nimeiweka. Unaliosha jiliwa, unalianika Mbweni kwenye chumvi? Kwani ni sahani?"

Siku mbili nilikuwa nimetafuta kofia kote, na kutu ilikuwa inakula skrubu barazani kwangu, mahali ambapo sikuinama kutazama. Tulilifungua lote. Nilikaa juu ya tairi na brashi ya waya na dizeli mpaka alasiri, yeye akipaka grisi mpya nyuma yangu, bila maneno mengi. Saa kumi mteja akaja, akakuta gari bado liko juu ya mawe. Nilimsikia shemeji akimwambia arudi Jumatatu. Hakusema ni kwa sababu ya nani. Mteja alisema tu, "Fundi, na wewe siku hizi?" akaondoka.

Nilipoaga nilimuuliza, kwa sauti ndogo, kuhusu bawaba, kwamba bado imepinda.

"Nitakuja kuinyoosha mwenyewe," akasema. "Usishike kitu."

Akanipa hotipoti. Niliifungua kwenye gari: makombo, na mafuta yameganda pembeni. Akainama dirishani.

"Mwambie dada yangu sijaiosha. Nimeogopa isije ikashika kutu."