Mkono Kwenye Mkanda

Mume wangu walimwita Reli, kwa kuwa aliweza kubeba kamera begani akapita nyumba nzima, jikoni hadi chumbani, na picha isitikisike wala kukatwa. Nyumbani alikuwa anamwaga chai kila siku. Sifa zilimwendea yeye, nami iliniudhi, maana jicho lake likishaingia kwenye kamera alikuwa kipofu wa kila kitu kingine. Aliyemwonea njia ni mdogo wake, aliyemfuata nyuma kashika mkanda wa suruali yake. Akivuta kulia, pinda kulia. Akivuta mara mbili, kuna ngazi. Akiachia, njia nyeupe. Huyo tulimwita Usukani. Niliwatania kwamba treni haina usukani.

"Ya kwetu inao, shemeji," akanijibu, "na bila huo ingekuwa mtaroni."

Siku moja walikuwa wakipiga filamu kwenye nyumba ya kukodi yenye korido ndefu, na mwisho wake chumba cha mgonjwa. Mwongozaji aliitaka picha kwa pumzi moja: kamera ipite koridoni, iingie chumbani, imzunguke mgonjwa, kisha igeuke kuutazama mlango ilikotokea. Katika kazi yao, kamera ikigeuka, aliye nyuma hujilaza chini papo hapo asionekane. Wengine wote walikuwa wamejifungia stoo na bafuni. Walirudia tangu asubuhi. Mara mwigizaji kasahau maneno, mara taa imezimika. Usukani alikuwa akijisugua kifua. Kiungulia, alisema. Reli akamwambia apumzike.

"Tumalize hii kwanza, kaka."

Safari ile mambo yalikubali. Karibu na mlango wa chumba Reli akasikia mkanda umeachiwa. Njia nyeupe, akaendelea. Akamzunguka mgonjwa, akageuka, na ndani ya kamera, chini pembeni, akaona mguu wa mdogo wake sakafuni koridoni. Akamlaani kimoyomoyo kwa kujificha ovyo, akainua kamera taratibu kuelekea darini mpaka mguu ukatoka kwenye picha. Akaishikilia hapo hadi mwongozaji alipopiga kelele, "Kata!"

Watu wakatoka stoo wakipiga makofi. Usukani hakuinuka. Daktari alisema ni moyo. Pengine angewahiwa, pengine asingewahiwa. Hiyo "pengine" ilihamia kwetu, inakula na kulala nasi.

Filamu ilipotoka, watu waliisifu sana ile kamera inayopanda darini. Mjuzi mmoja alisema redioni kwamba ni roho ya mgonjwa inaondoka. Niliizima redio kwa hasira, ningeweza kuivunja. Reli hajabeba tena kamera begani. Siku hizi anapiga picha za pasipoti, mteja kakaa kwenye stuli, hakuna anayetembea.

Mama mkwe alikataa kuiona filamu ile mpaka juzi. Tukamwekea sebuleni. Alijua fika marehemu mwanawe hayumo, lakini macho yake yalimtafuta kila kona. Kamera ilipopanda darini akaushika mkono wa Reli.

"Hapa mbona umeangalia juu, mwanangu?"

Niliomba adanganye. Angesema tu ni roho, kama yule wa redioni.

"Nilimwona amelala chini, Mama. Nikamficha."

 Mama akasogeza kiti chake karibu kabisa na televisheni.

"Ishushe basi hiyo kamera," akasema. "Nimwone."