Nguruwe wa Roda

Mnaomwona wifi yangu Roda amekaa kimya pale kijijini Mpemba mkadhani anaringa, hamumjui. Huyu mjane wa marehemu kaka yangu alikuwa na mdomo wa kumshinda dalali yeyote wa Tunduma. Alifuga nguruwe. Mnunuzi akija, humlaza mnyama chini, humtanua mdomo kwa kijiti, huvuta ulimi na kuupapasa. Akikuta punje kama za mchele, anaondoka zake. Roda atamsindikiza kwa matusi mpaka barabarani, kisha nguruwe anachinjwa, tunakula wenyewe. Nguruwe wasafi walimsomesha mwanawe Osward udaktari; wenye punje walitulisha sisi. Tutupe nyama? Thubutu!

Atupele, kitindamimba wake, alianza kuanguka akiwa darasa la sita. Povu mdomoni, macho juu. Watu wakasema karogwa. Osward, mwaka wa nne chuoni, akaja likizo, akasema ni kifafa, asikose dawa. Tukamwamini. Akala nyama nasi, akarudi chuoni. Mwezi mmoja dawa zilipokosekana zahanati, Atupele aliangukia kijitoni akifua. Maji yenyewe hayafiki magotini. Jamani, mtoto wetu!

Siku ya mazishi yake wanaume walichinja nguruwe kwa ajili ya waombolezaji. Osward akapita, akaiona nyama ubaoni, akasimama.

"Shangazi, hizi punje tumezila tangu lini?"

"Tangu hujazaliwa. Leo ndiyo unaziona?" Nilimjibu kwa ukali, uchungu umenijaa.

Akakaa chini palepale penye damu, na suruali yake nzuri. Akatueleza huku analia: nyama hiyo isipoiva vizuri humpa mtu mnyoo wa tegu tumboni, mayai yake hutoka na choo, na mikono isiponawa sawasawa huyapeleka kwenye chakula cha wengine, yakimfika mtu kichwani, anaanza kuanguka.

Roda akamuuliza, "Kumbe ulijua?"

"Swali lake lilikuja kwenye mtihani, mama. Nililipata lote. Sikujua kuwa ni sisi."

Roda akaitazama mikono yake, akiigeuza huku na huku. "Mimi ndiye niliyekuwa nampikia."

"Hatujui mayai yalitoka kwa nani, mama. Pengine kwangu."

Hakumsikia. Tulipimwa wote, tukapewa dawa, na nguruwe Roda aliwauza wote. Lakini mpaka leo Roda hasongi ugali. Nasonga mimi, na yeye anakaa mlangoni kuangalia ninavyonawa.