Mtama Wangu na Amri ya Kunyamaza

Mwaka ule vita vya Kongo viliporudi mara ya pili, mtama wangu ulisimama nyuma ya nyumba, kando ya mboga za lengalenga na magimbi tunayoyaita mateke. Mwezi wa tano mvua ilikuwa inakatika, na punje bado zilikuwa na maziwa ndani. Hapo ndipo ndege wanapoupenda. Wakishanyonya hayo maziwa, wewe unavuna makapi.

Na mtama ule ulikuwa na kazi. Mjukuu wangu wa kwanza, niliyemlea mwenyewe kwa sababu wazazi wake hawapo tena, alikuwa amechumbiwa. Wakwe wangeleta ng'ombe baada ya mavuno, na nyumba ya bibi harusi isiyo na pombe ya mtama inasemwa mpaka Bugarama. Jirani yangu alinishauri ninunue Fanta tu. Alicheka, akasema sisi tuliotoka Kongo tunawalimia ndege. Nilimjibu hiyo Fanta atakunywa yeye.

Kila alfajiri nilishuka bustanini na debe na fimbo, nikapiga mpaka mkono ukafa ganzi. Kisha wakaja askari waliokaa pale juu kilimani, wanaolinda mto wa mpaka. Mkubwa wao alikuwa kijana aliyekulia Uvira. Nilimjua kwa Kiswahili chake. Alisema kuanzia siku ile hakuna debe, hakuna kupiga kelele, maana usiku na alfajiri wanasikiliza watu wanaovuka. Nikamuuliza kama jeshi litanilindia mtama. Akasema hiyo si kazi ya jeshi.

Sikubishana. Nilishuka bondeni kuchukua udongo wa mfinyanzi, nikakata ufito mbichi unaopindika vizuri. Nilipokuwa msichana, kule bonde la Ruzizi, ndivyo tulivyolinda mashamba: unafinyanga kidonge cha udongo, unakichomeka kwenye ncha ya ufito, unauvuta nyuma na kuuachia. Kinaruka kimya kabisa. Kinachosikika ni mabawa tu.

Nikakaa kwenye kigoda katikati ya mtama, mimi mzee na magoti yangu mabovu. Ukikaa hivyo unawajua ndege kuliko majirani. Wale wa manjano, wenye uso mweusi, hutuma mmoja kwanza kwenye mwavokado wa kando ya njia. Asipofukuzwa, wanashuka wote kama wamealikwa. Wale wadogo wa kahawia hawana adabu ya kutuma mtu, wananing'inia kwenye suke na kula wanavyotaka. Inyamanza, yule ndege mdogo wa mkia mrefu, yeye alitembea chini akiutikisa, anaokota wadudu. Huyo hapigwi, huku kwetu hakuna anayempiga. Nilimsalimia kila asubuhi.

Siku moja kidonge kilipita juu ya mwavokado, kikampata yule mkubwa wa askari kwenye kofia, naye anashuka njiani. Akaja akijifuta udongo.

"Maman, unapiga jeshi sasa?"

"Ulisema makelele hapana. Umesikia makelele?"

"Hapana."

"Basi amri yako naifuata. Uko mbele ya bunduki yangu, Papa, toka hapo, ndege wananiona mjinga."

Askari wenzake waligeuza nyuso. Yeye akachukua ule ufito mkononi mwangu, akaupinda, akaniuliza ni mti gani. Akanirudishia, akapanda kurudi juu. Hakunikataza tena.

Safu za chini, karibu na njia, ndege walizimaliza. Magoti yalikataa kufika huko. Zilizobaki nilizivuna, nikaotesha kimea, nikasaga, nikapika. Mtungi ulijaa.

Siku ya ng'ombe, wakwe wameshakaa kuuzunguka mtungi, mirija imo ndani, jirani yangu naye amepata nafasi nzuri, Bukavu, ng'ambo ya mto, ikaanza kulia. Si bunduki moja, ni nyingi, na mizinga. Bati la nyumba likatetemeka. Mzee wa upande wa wakwe akasimama, akasema labda turudi siku nyingine, wakati huu si wa harusi. Wengine wakaanza kutafuta kofia zao. Mjukuu wangu alinitazama kutoka mlangoni na uso wake wote umeshuka.

Nikaenda nikasimama mlangoni pamoja naye. Mimi si mtu mwembamba.

"Huu mtama nimeunyang'anya ndege kwa mkono wangu," nikawaambia. "Vita vya Kongo haviuchukui. Kaeni, batoto. Munywe kwanza, ndio mutakimbia."

Mzee akatazama mlango, akanitazama, akakaa. Akauliza mrija wake ni upi.