Taa ya uani: kubwa ya ukutani au ndogo za ngazini? Yaliyonikuta Morogoro

Wakuu, heshima kwenu, na shikamooni mnaostahili. Hii siyo chai, nimeyaishi mwenyewe.

Ni miaka ya tisini, enzi za ruksa. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni, ghafla maduka ya Moro yamejaa taa za Dubai za kila aina! Nikawa sipiti duka la umeme bila kuingia.

Nyumba yangu ipo Bigwa, chini ya mlima. Kwenda uani unashuka ngazi za mawe.

Mama nilikuwa nimemleta kutoka kijijini, Uluguru juu. Jioni moja akateleza kwenye zile ngazi. Tangu hapo jua likizama anajifungia chumbani, huku akisikia kina mama wenzake wa jirani wanacheka uani. Akaanza kusema anataka kurudi kwake. Iliniuma sana.

Nikanunua floodlight, ile ya kumulika uwanja wa mpira. Nikaifunga ukutani juu ya mlango. Kuwasha tu, ua mweupeee! Majirani wakashangilia, nami nikavimba kichwa.

Mama akatoka, akasimama juu ya ngazi. Taa iko nyuma yake, kivuli chake kimefunika mawe yote.

"Mwanangu, umewamulikia majirani. Mie nakanyaga kivuli changu."

Nikamuuliza kule mlimani walikuwa wanashukaje gizani.

"Chemli hatuiinui. Tunaishika usawa wa goti, imulike unyayo."

Wakuu, nilitamani kupambazuke saa ileile!

Kesho yake nikawa wa kwanza dukani. Nikachagua taa ndogo zisizoingia maji, zenye kofia ya bati inayoelekeza mwanga chini, na balbu za njano. (Nyeupe kali iogopeni. Mvua zikianza, kumbikumbi wa Uluguru nzima watahamia kwako.) Fundi akazifunga ubavuni mwa ngazi, chini kabisa.

Jioni nikawasha. Mama akachungulia, akavaa ndala, akaanza kushuka. Sikumshika mkono, nikabaki namhesabia ngazi kwa furaha.

Akafika mkekani kwa wenzake. Asante hata hakusema.

"Sogeeni, nikae."

Habari ya kurudi kijijini sikuisikia tena.

Kwa hiyo kabla hujanunua taa ya nje, jua kwanza ni miguu ya nani itapita pale. Nyie kwenu mmefunga zipi? Tiririkeni wakuu.